Kisima ni chako, kibali ni cha nani?

Ukiangalia picha za Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na jeshi la Israeli, usihangaike na ramani, angalia juu ya mapaa. Nyumba yenye matanki meusi matatu manne hadi sita yamepangwa juu ya zege ni ya Wapalestina, na zile za vigae vyekundu kule juu kilimani ambazo huoni tanki jeusi hata moja ni za walowezi, Waisraeli waliohamia huko. Matanki hayapo pale kwa urembo, maji kule yanakuja kwa zamu na kiangazi mtaa unaweza kukaa wiki nzima na zaidi bomba kavu, yakija hata usiku wa manane watu wanaamka kujaza. Sisi wa Dar simtanki tunalijua vizuri sana ndo maana mwanzoni picha hizo hazikunishtua, nikasema aa kumbe na wao wana mgao. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mgao wetu ni wa mvua kugoma na mabomba chakavu na uzembe, mgao wao umeandikwa kwenye mkataba na una sahihi.

Kuna mjadala hauishi mitandaoni, kila Palestina ikitajwa watu wanakimbilia dini au wanakimbilia nani alianza, na hapo ndo panakuwa uwanja wa matusi mpaka asubuhi. Mi leo naomba tuangalie vitu vinavyoshikika tu. Maji, mawe, gesi, hata masafa ya simu. Maana haki ya watu kujiamulia mambo yao ukiiacha hewani inakuwa wimbo na bendera, lakini ukiuliza swali dogo tu la nani anasaini kibali cha kuchimba kisima, unapata jibu la nchi ni ya nani bila kugombana na mtu.

Jiografia kidogo kwanza. Milima ya Ukingo wa Magharibi ndo inayopokea mvua, mvua inazama kwenye miamba ya chokaa inakaa huko chini, halafu inatembea huko huko chini kwenda pande tatu, magharibi kuelekea pwani ya Israeli, kaskazini mashariki, na mashariki kuelekea Bonde la Yordani. Kwa hiyo mvua inanyesha kwa huyu, maji yanachotwa na yule, na hilo peke yake si dhambi, dunia nzima maji yanavuka mipaka na watu wanakaa mezani wanagawana. Tatizo la hapa meza ililetwa na mwenye bunduki.

Vita vya 1967, ambavyo Israeli iliukalia Ukingo wa Magharibi, viliisha Juni. Mwaka ule ule jeshi la Israeli likatoa amri namba 92 kuweka mambo yote ya maji mikononi mwa jeshi, ikafuata namba 158 kwamba hakuna kuchimba kisima wala kufunga pampu bila kibali, 1968 ikaja namba 291 ikamalizia. Angalia hiyo haraka. Walikuwa hawajaamua hata ardhi ile hatima yake nini, lakini koki walishaishika. 1982 mitambo ikahamishiwa Mekorot ambalo ndo shirika la maji la taifa la Israeli, na mpaka leo miji na vijiji vya Wapalestina vinanunua maji Mekorot, mengine yamechotwa chini ya milima yao wenyewe. Yaani mvua imenyesha juu ya paa lako, imezama kwenye shamba la babu yako, halafu unaletewa bili.

Sasa utaambiwa Oslo ilirekebisha, ile mikataba ya miaka ya tisini kati ya Israeli na viongozi wa Wapalestina. Mkataba wa Oslo wa pili ulisainiwa Septemba 1995 na ndani yake kuna kifungu namba 40 cha maji, na kwa haki kabisa kinasema Israeli inatambua haki za maji za Wapalestina kwenye Ukingo wa Magharibi. Sentensi nzuri. Inayofuata inasema haki hizo zitajadiliwa kwenye mazungumzo ya mwisho. Mazungumzo ya mwisho yalitakiwa yawe yamekwisha Mei 1999, leo watoto waliozaliwa mwaka ule wana watoto wao. Na kwenye jedwali la mkataba huo hodhi ya magharibi, yaani yale maji ya chini yanayoelekea pwani, ile yenye maji mengi kuliko zote, meta za ujazo milioni 362 kwa mwaka, Israeli ikapata milioni 340 na Wapalestina milioni 22. Soma tena, 340 kwa 22. Mto Yordani wenyewe ndo kabisa, tangu 1967 Wapalestina wa upande wa magharibi hawachoti hata ndoo, kingo zake ni eneo la jeshi.

Kikaundwa na chombo cha pamoja, Kamati ya Pamoja ya Maji, idadi sawa kila upande na kila upande una uwezo wa kukataa. Ukisikia hivyo unasema basi haki imetendeka. Lakini kamati inahusu maji ya Ukingo wa Magharibi tu, hodhi ni lile lile moja linaendelea mpaka chini ya Israeli, na kule Israeli ikichimba haiulizi mtu. Mpalestina akitaka kuchimba lazima upande wa pili ukubali, na akishakubaliwa kama bomba linapita Eneo C, lile ambalo Oslo iliacha chini ya Israeli moja kwa moja, anaanza foleni nyingine kwa utawala wa kijeshi, na Eneo C ni asilimia 60 ya Ukingo wote wa Magharibi na ndo linalozunguka miji yote, utapitisha wapi bomba bila kuligusa? Benki ya Dunia ambao hakuna mtu anayeweza kuwaita wanaharakati waliandika 2009 kwamba Wapalestina wanachota kama moja ya tano tu ya uwezo wa maji ya milima ile na Israeli inachukua yaliyobaki na kuzidisha. Shirika la haki la Kiisraeli, B'Tselem, likapiga hesabu za 2020, Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi wastani lita 82 na kitu kwa siku, Muisraeli na mlowezi lita 247, na Wapalestina ambao hawajaunganishwa na bomba kabisa lita 26. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 100. Lita 26 ni ndoo moja na kidumu, hiyo upike, uoge, ufue, na kama una mbuzi wanakungoja.

Israeli nao wana majibu na si ya kupuuza yote. Wanasema wanawapa Wapalestina maji mengi kuliko mkataba ulivyosema, wanasema Wapalestina wanachimba visima vya wizi, hawatibu maji taka yao, mabomba yao yanavuja sana. Mengi ya hayo ni kweli. Mamlaka ya Palestina, serikali yao ya ndani pale Ramallah, ina madudu yake ambayo Wapalestina wenyewe wanayasema kwa sauti kuliko mimi, na vyama vyao vikubwa, Hamas na Fatah, tangu wagawane 2007, mmoja Gaza mwingine Ramallah, hakuna wa kusimama kama serikali moja kudai chochote. Ila tufuatilie hoja yenyewe. Mkataba uligawa maji kwa idadi ya watu ya 1995 na watu wameongezeka karibu mara mbili, kwa hiyo kuzidisha kidogo juu ya kiwango cha 1995 si hisani. Na mtambo wa maji taka pia ni jengo, nalo linahitaji kibali. Ukinifunga mikono halafu unanicheka sijui kula, hapo tunazungumza nini.

Twende kijiji kimoja tu. Al-Auja, kaskazini ya Yeriko, chini kwenye Bonde la Yordani. Pale palikuwa na chemchemi ya maana, mifereji ya zege imetoka kwenye chemchemi inashuka mpaka mashambani, watu walilima migomba na machungwa kiasi cha kuuza nje ya kijiji. Baadaye Mekorot wakachimba visima virefu jirani kwa ajili ya makazi ya walowezi, kisima kirefu kikivuta, maji ya chini yanashuka, chemchemi ya juu inakauka, hiyo hata mtoto wa kijijini aliyekaa karibu na kisima cha mtu mwenye pampu anaielewa. Sasa mifereji sehemu kubwa ya mwaka ni mikavu, wakati wa mvua nyingi maji yanarudi kwa miezi kadhaa kisha basi, migomba imeondoka, wanaume waliokuwa na mashamba wanaenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya mitende ya walowezi. Tende za Medjool zile kubwa laini. Maji yaliyokuwa ya mtu wa Al-Auja yamekuwa tende, na yeye anazichuma kwa mshahara wa siku.

Hapa naomba niseme kitu kuhusu sisi. Kwa miaka mingi vijana wa Tanzania wamekuwa wanaenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo, mimi mwenyewe nina rafiki alirudi na sifa zote za kilimo cha matone, namna mpira mwembamba unavyodondosha tone moja moja kwenye mzizi, alikuwa akielezea mpaka unatamani ukanunue ekari. Na sifa hizo ni za kweli, wale jamaa kwenye teknolojia ya maji wako mbali, wanatibu maji taka wanamwagilia, wanachuja maji ya bahari wanakunywa. Na tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kule kwa mafunzo hayo hayo waliuawa kwenye shambulio la Hamas, Mungu awarehemu, hilo halifutiki na wala halihalalishwi na chochote nilichoandika huku juu. Lakini ule usemi wa kwamba walikuta jangwa wakaligeuza bustani, ambao rafiki yangu alirudi nao kwenye begi pamoja na vyeti, ndo ninaobishana naye. Nikamuuliza maji ya kwenye Bonde la Yordani, ya kwenye makazi, mita ile imefungwa juu ya kisima cha nani? Akasema hilo hatukufundishwa. Teknolojia inakuambia namna ya kutumia tone vizuri, haikuambii tone ni la nani.

Basi sheria inasemaje. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 55, zinasema mvamizi aliyekalia nchi ya watu anahesabika kama mwangalizi tu wa mali za umma, misitu, mashamba, majengo, anaweza kufaidi matunda lakini mali yenyewe lazima aitunze ibaki. Watu wa pwani, hiyo wanaielewa bila wakili, ni mlezi wa mali ya yatima. Ukiachiwa shamba la nazi la yatima unaweza kula dafu kwa haki ya uangalizi, huwezi kukata minazi ukauza mbao na pesa ukajengea kwako. Kifungu cha 47 cha kanuni hizo hizo kinakataza uporaji moja kwa moja na Mkataba wa nne wa Geneva wa 1949 ukarudia. Desemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1803 la mamlaka ya kudumu ya watu juu ya maliasili zao, wakati nchi za kwetu zinapata uhuru na kila mtu anaona uhuru bila madini ni kupewa nyumba bila funguo. Halafu mikataba miwili mikubwa ya haki za binadamu ya 1966, yote miwili, kifungu cha kwanza kabisa kinasema hakuna hali yoyote ambayo watu wanaweza kunyang'anywa njia zao za kujipatia riziki. Cha kwanza. Kabla ya uhuru wa kusema, kabla ya kura.

Sasa ona sheria hiyo inavyogeuzwa ikifika kwenye mawe. Kuna machimbo ya kokoto na mawe kwenye Eneo C yanayoendeshwa na kampuni za Kiisraeli. Shirika moja la Kiisraeli, Yesh Din, likaenda Mahakama Kuu ya Israeli 2009 likasema hili ni uporaji, asilimia 94 ya mawe yanaenda Israeli na kwenye makazi. Desemba 2011 mahakama chini ya Jaji Dorit Beinisch ikakataa. Sababu zake ukizisoma unakuna kichwa, ikasema ukaliaji huu ni wa muda mrefu kwa hiyo sheria lazima isomwe kulingana na hali hiyo, uchumi wa eneo hauwezi kugandishwa, na Wapalestina kadhaa wanapata ajira pale, na mrabaha unaingia kwa utawala wa kijeshi ambao unahudumia eneo. Mi si mwanasheria lakini nimeelewa hivi, ukikaa kwenye nyumba ya mtu kwa nguvu mwezi mmoja huruhusiwi kugusa kitu, ukikaa miaka 44 unaruhusiwa kubomoa ukuta uuze matofali kwa sababu umekaa sana. Kosa limezeeka likawa hoja. Na mawe yale si kitu kidogo kwa Mpalestina maana mawe ya kujengea ndo miongoni mwa bidhaa zake kubwa za kuuza nje. Benki ya Dunia 2013 walikadiria Wapalestina wangeruhusiwa kulitumia Eneo C kawaida tu kama watu wengine, kilimo, mawe, madini ya Bahari ya Chumvi, utalii, uchumi wao ungeongezeka dola bilioni 3.4 kwa mwaka, kama asilimia 35 ya pato lao la wakati ule. Madini ya Bahari ya Chumvi peke yake milioni 918. Israeli na Yordani wote wanavuna potashi na bromini mle, Mpalestina ambaye naye ana ufukwe pale hana kiwanda hata kimoja, anaenda kuelea tu kama mtalii na akipata ruhusa.

Gesi ndo kisa kinachoniuma zaidi. Palestina ilitoa leseni kwa kampuni ya Uingereza BG mwaka 1999, mwaka 2000 wakaipata, kilomita thelathini na kitu kutoka ufukwe wa Gaza, kisima kikaitwa Gaza Marine. Ni futi za ujazo zaidi ya trilioni moja, ndogo sana ukilinganisha na hizi trilioni 57 zetu tunazohubiriwa kila bajeti, ila kwa Gaza ingetosha kuwasha umeme miaka na miaka na kubakisha ya kuuza. Tarehe 27 Septemba 2000 kiongozi wa Wapalestina Yasser Arafat akapanda boti ya wavuvi na waandishi wa habari na wafanyabiashara, wakaenda mpaka kwenye mtambo, mwali ukawashwa baharini, akaiita zawadi ya Mungu kwa watu wake. Kesho yake, tarehe 28, Ariel Sharon, kiongozi wa upinzani wa Israeli, akaingia kwenye uwanja wa Msikiti wa Al-Aqsa na ulinzi wa mamia ya polisi, intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina, ikalipuka. Siku moja tu.

Baada ya hapo ni hadithi ya faili kuhama meza. Mazungumzo ya kuiuzia Israeli gesi yakavunjika 2007, mwaka ambao Hamas wakashika Gaza na mzingiro ukakazwa. BG ikanunuliwa na Shell 2016, Shell ikajitoa 2018. Juni 2023 serikali ya Israeli chini ya Netanyahu ikatangaza kuruhusu kisima kiendelezwe kwa kushirikiana na Misri na Mamlaka ya Palestina, miezi minne baadaye vita. Wakati huo huo kisima cha Israeli cha Leviathan kilichogunduliwa 2010, miaka kumi nyuma ya Gaza Marine, kilianza kutoa gesi Desemba 2019 na inauzwa mpaka Misri na Yordani. Mtambo wa umeme wa Gaza wenyewe ulikuwa unatumia dizeli inayoingia kwa kibali. Bahari moja, miamba karibu ile ile, tofauti nani anasaini. Na wavuvi nao, Oslo iliwapa maili 20 za bahari, kiuhalisia wakawa wanafungiwa 12, 6, wakati mwingine 3, maili tatu huko samaki gani utapata zaidi ya dagaa.

Hata hewa. Wengi hatufikirii kwamba masafa ya simu nayo ni maliasili, ila ndo hivyo. Kampuni za simu za Kipalestina zilipata ruhusa ya kuwasha 3G Ukingo wa Magharibi Januari 2018, sisi hapa tulikuwa tumeshahamia 4G tunalalamika bando, na Gaza ikabaki 2G. Mlowezi kilima cha pili ana mnara wake wa Kiisraeli wenye kasi zote.

Mtu atasema basi hizi sheria ni karatasi. Ndugu zetu wa Ituri, mashariki ya Kongo, wangekujibu tofauti kidogo. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ilikuwa nchi iliyokalia Ituri, na kwamba ina kosa kwa uporaji wa maliasili za Kongo uliofanywa na wanajeshi wake na kwa kushindwa kuzuia uporaji pale ilipokuwa na mamlaka. Februari 2022 mahakama ikataja bei, dola milioni 325 kwa jumla, na milioni 60 ndani yake ni za maliasili, dhahabu, almasi, mbao, kahawa. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11 kwa hiyo ni vijisenti, na ukimuuliza mtu wa Bunia kama ameiona hata shilingi atakucheka, lakini Uganda ilianza kulipa Septemba 2022. Kanuni ni ile ile ya 1907 niliyoitaja juu. Iliweza kusomwa dhidi ya Kampala. Namibia pia, ilipokuwa bado imekaliwa na Afrika Kusini, 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia lilitoa amri yake namba 1 kwamba kisichimbwe wala kisitolewe kitu Namibia bila ruhusa yake, makampuni ya urani yaliendelea kuchimba na kucheka, lakini ile amri ilifika mpaka mahakamani Uholanzi.

Kwa Palestina mahakama ile ile ikasema tarehe 19 Julai 2024. Majaji 11 kwa 4 wakasema kuendelea kwa Israeli kuwepo kwenye maeneo iliyoyakalia ni kinyume cha sheria na imalize haraka iwezekanavyo, na kwenye maelezo wakataja maji na maliasili wazi wazi, kwamba mamlaka juu ya maliasili ni sehemu ya haki ya watu kujiamulia mambo yao. Waliopinga walikuwepo na Jaji Julia Sebutinde wa Uganda ambaye alipinga karibu kila kipengele, yeye anaona mgogoro huu ni wa kisiasa na mahakama imesikia upande mmoja, ana haki ya maoni yake ingawa kwa mtu anayetoka nchi ambayo kesi ya Ituri iliiandama mi nilitegemea atakaa kidogo kwenye suala la maliasili. Ni maoni ya ushauri, hayana polisi nyuma yake. Tarehe 18 Septemba 2024 Baraza Kuu likapiga kura 124 kwa 14, 43 hawakuegemea popote, Israeli iondoke ndani ya miezi 12. Miezi 12 ikapita Septemba 2025, siku chache baadaye Uingereza, Kanada, Australia, Ureno na Ufaransa zikaitambua Palestina kama nchi, shangwe, bendera zikapandishwa kwenye balozi, na Al-Auja siku ile hakuna koki iliyofunguliwa.

Novemba 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2803 la kuiweka Gaza chini ya Bodi ya Amani yenye mwenyekiti Donald Trump, na kikosi cha kimataifa. Swali langu kwenye hilo ni lile lile dogo la mwanzo. Bodi hiyo itajenga, sawa, Gaza imebomolewa na inahitaji kujengwa. Siku ikija karatasi ya Gaza Marine mezani itasainiwa na nani, na kama ni mtu ambaye hakuna Mpalestina aliyempigia kura basi tumetoka kwa mlezi mmoja wa yatima tumeenda kwa mlezi mwingine. Na yatima huyu ameshazeeka.

Ramadhani iliyopita nilikuwa Kariakoo natafuta tende za futari, nikaona boksi la Medjool zile nene, nikaligeuza kutafuta zimelimwa wapi, maandishi madogo, kibandiko kimebandikwa juu ya kibandiko kingine. Nikamuuliza muuzaji, kaka hizi zinatoka wapi? Akanitazama kama nimemuuliza swali la mtihani.

"Dubai," akasema. "Zote zinatoka Dubai."